Nani Aliyefika Namugongo?



Wapendwa wanaparokia, ndugu zangu katika Kristo,

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya masomo ya Dominika. Nimelazimika kuyaweka kando, kwa maana juu ya meza yangu ziko barua mbili, na zote mbili zinadai jibu. Kwa kuwa mambo yaliyomo yamekwisha kuzungumzwa katika jumuiya ndogo ndogo, nje ya kanisa baada ya Misa, na hata kwenye vijiwe vya kahawa, ni haki niyajibu hapa, mbele ya wote.

Barua ya kwanza imeandikwa na kamati yetu ya hija. Inapendekeza kwamba katika Misa ya shukrani, wale waliotembea kwa miguu kutoka hapa kwetu Kagera hadi Namugongo waitwe mbele ya altare na kuvishwa skafu nyekundu, rangi ya mashahidi. Pendekezo ni jema. Lakini aya ya mwisho inasema kwamba kati ya watu 17 walioondoka hapa, waitwe 14 tu, kwa kuwa 3 “hawakumaliza”.

Barua ya pili imetoka katika halmashauri ya walei. Inaomba kwamba kuanzia mwakani ukumbi wa parokia usitolewe tena kwa mahujaji wa miguu wanaopita hapa wakitoka Ngara na kwingineko kusini. Sababu zimetajwa: vigae ni vipya, vyoo havitoshi, na mwaka fulani zilipotea sahani mbili. Barua inafunga kwa maneno haya: “Ukumbi wetu si gesti.”

Waandishi wa barua hizi ni watu wema. Ndio waliochanga fedha za safari, waliopika, na walioamka usiku kutuaga. Nawapenda. Hata hivyo nasema wazi kwamba barua zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Kabla sijaeleza kwa nini, naomba niwasimulie siku moja ya safari yetu, siku ya kutoka Kyotera kwenda Masaka.

Ilikuwa siku ya sita. Tulikuwa tumevuka Mto Kagera pale Kyaka, tumepita mpaka wa Mutukula, na miguu ilikuwa imeanza kudai chake. Kutoka Kyotera hadi Masaka ni zaidi ya kilomita 40. Tuliondoka saa kumi alfajiri, mizigo yetu ikitangulia kwa gari dogo la parokia. Hadi Kalisizo tulikwenda vizuri, tukisali Rozari kwa zamu. Baada ya Kalisizo mvua ikaanza, na haikuwa manyunyu. Barabara ile ni ya lami, nayo hupitiwa na malori makubwa ya mizigo, na kila lori lilipopita lilituogesha kwa maji ya tope. Kando ya lami udongo ulikuwa utelezi mtupu. Soksi zikalowa, na soksi iliyolowa ndiyo mama wa malengelenge. Vijana wakavua viatu wakavaa kandambili. Rozari ikakatika bila mtu kuamua ikatike. Saa nane mchana kila mmoja alikuwa akitembea peke yake ndani ya maumivu yake, nami kasisi wao nilikuwa nikihesabu mawe ya kilomita kama mfungwa anavyohesabu siku.

Kati yetu alikuwamo mama mmoja mjane, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60. Amenipa ruhusa kulisimulia jambo hili bila kumtaja jina. Alikuwa nyuma kabisa, akifuatana na binti mmoja wa kwaya. Mara tatu nilirudi nyuma kumwuliza hali yake. Mara tatu akajibu, “Sijambo, Baba. Twendeni.” Nikaamini, kwa sababu kuamini ilikuwa rahisi kuliko kusimama.

Tuliingia Masaka saa mbili usiku. Mahali pa kwanza tulipobisha hodi, ambapo sitapataja, tuliambiwa kwamba ukumbi umekwisha kuoshwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, na kwamba mahujaji huchafua. Mlinzi alisema kwa upole, akionekana kuona haya kwa niaba ya waliomtuma. Tulisimama pale langoni, watu 17, tukichuruzika maji, nami nikataka kukasirika. Sikuweza. Maneno yale niliyafahamu. Mwaka uliotangulia, mimi mwenyewe, paroko wenu, niliwaambia mahujaji 9 kutoka Ngara maneno karibu yale yale, nikiwa nimesimama kwenye baraza ya nyumba yangu, tumbo limeshiba, viatu vikavu. Niliwaelekeza kwenye shule iliyo kilomita 4 mbele. Kilomita 4! Nilizitamka kama mtu anavyotamka hatua nne.

Tulipokuwa tukijadiliana, akapita mzee mmoja aliyekuwa akitoka dukani na mfuko wa sukari. Akatuuliza kwa Kiswahili tunatoka wapi. Tukamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Njooni kwangu. Ni padogo, lakini pana paa.” Alikuwa mwalimu mstaafu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na baraza. Mkewe alitandika mikeka, jirani akaleta turubai, mwingine akaleta sufuria ya matoke na maharage. Kisha wakaleta mabeseni ya maji ya moto yenye chumvi, wakaanza kutuosha miguu. Ndugu zangu, kila Alhamisi Kuu mimi huwaosha miguu watu 12 waliokwisha kuoga nyumbani kwao. Usiku ule ndipo nilipofahamu ibada ile ilianzaje.

Mama yetu alikataa kuvua kiatu. Mjukuu wa mwenyeji wetu, ambaye ni muuguzi, alimbembeleza mpaka akakubali. Soksi ilitoka pamoja na ngozi. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kilichoanza kunuka. Muuguzi akamwuliza kama ana kisukari. Akaitikia kwa kichwa. Akamwuliza kidonda kina siku ngapi. Akajibu kwa sauti ndogo, “Nne.”

Siku nne! Alitembea siku nne juu ya kidonda ambacho kwa mgonjwa wa kisukari kinaweza kumgharimu mguu mzima. Asiyejua na ajue leo: kisukari huua hisia za nyayo, hupunguza damu inayofika miguuni, na kidonda kidogo huweza kuoza haraka kabla mwenyewe hajasikia uchumi wa maumivu yake. Nilimwuliza, “Mama, kwa nini hukusema? Gari la parokia lilikuwapo.” Jibu lake silisahau. “Baba, wangesema sikumaliza.”

Hapo ndipo barua ya kwanza inapopata jibu lake. Kabla skafu hazijashonwa, hesabu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Neno “hawakumaliza” halikuanzia kwenye kamati. Tulitembea nalo kutoka hapa. Na lilitoka wapi? Naona haya kusema, lakini lilitoka kinywani mwangu. Katika homilia ya kuwaaga mahujaji nilitumia lile fundisho la Bwana juu ya mtu ashikaye jembe kisha akatazama nyuma. Nililitumia juu ya kilomita. Bwana hakulisema juu ya kilomita.

Asubuhi muuguzi alitoa amri, nami niliitii: mama haendi mbele kwa miguu. Kijana mmoja aliyevimba goti aliingia katika gari la mizigo. Na yule binti wa kwaya, mwenye afya tele, aliyekuwa akitembea kuliko sisi wote, akasema atabaki Masaka kumwuguza mama, kwa kuwa mama hawezi kubaki ugenini peke yake. Tulipofika Namugongo tarehe 1 Juni, wao wawili walitufuata kesho yake kwa basi.

Hao ndio watatu “ambao hawakumaliza”. Naiuliza kamati: huyo binti mnamwitaje? Alikuwa na miguu mizima. Aliacha jambo alilolitamani mwaka mzima, ili abadilishe bendeji ya mama ambaye si mama yake. Tukimwacha benchini siku ya shukrani, tutakuwa tumewafundisha watoto wetu kwamba katika parokia hii mtu anayempita mgonjwa barabarani huvishwa skafu, na anayesimama husahauliwa. Mfano wa Msamaria Mwema tutausomaje baada ya hapo? Kuhani na Mlawi walimaliza safari yao. Walifika kwa wakati.

Sasa twende kwa mashahidi wenyewe, kwa kuwa hija hii ni yao. Wengi wetu tunasema “mashahidi wa Namugongo” kana kwamba wote 22 walifia pale. Sivyo. Kati ya Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, waliokufa Namugongo ni 13. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto huko tarehe 3 Juni 1886, na kijana Kizito alikuwa miongoni mwao. Wengine 9 hawakufia Namugongo kabisa. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, kabla ya wote. Andrea Kaggwa na Denis Ssebuggwawo waliuawa Munyonyo. Noa Mawaggali aliuawa Mityana. Matia Mulumba aliachwa afe taratibu katika mahali panapoitwa leo Old Kampala. Yohane Maria Muzeeyi aliuawa Januari 1887, wakati majivu ya Namugongo yamekwisha kupoa.

Na wako waliofia njiani, wakipelekwa huko. Ponsiano Ngondwe alikuwa mmoja wao. Atanasi Bazzekuketta alikuwa mwingine. Na yuko Gonzaga Gonza. Minyororo ilikuwa imemkata miguu kiasi kwamba hakuweza tena kutembea. Akaanguka Lubowa, na pale pale akachomwa mkuki, tarehe 27 Mei 1886. Gonzaga Gonza hakumaliza. Miguu ilimshinda. Je, Kanisa lilisema nini juu yake? Lilimwandika katika orodha ile ile, siku ile ile, na sikukuu ile ile ya tarehe 3 Juni. Basilika ya Namugongo inasimama juu ya nguzo 22, wala hazikujengwa 13 ndefu na 9 fupi.

Kama Kanisa Katoliki halikuwahesabia mashahidi kilomita, sisi tumepata wapi mamlaka ya kuwahesabia mahujaji?

Najua mtakachosema, maana nimekwisha kukisikia. “Baba Paroko, kama aliyepanda basi na aliyetembea ni sawa, kwa nini tutembee? Si tupande basi wote, tufike siku moja?” Hili ni swali la haki, na halistahili jibu la mkato.

Kutembea kuna faida, na faida yake nimeijua pale langoni Masaka. Anayesafiri kwa basi haombi kitu. Amelipa nauli, ana kiti chenye namba, ana chakula kwenye mfuko, na dirisha likimchosha analifunga. Anayetembea jioni humwishia nguvu mahali asipojulikana, naye hana budi kubisha mlango wa mtu. Kutembea hutufanya wageni. Kwa siku kumi na mbili tunaishi kama wanavyoishi mamilioni ya watu duniani mwaka mzima: wakimbizi, watu wasio na makao, wale wanaofukuzwa huku na kule. Tunda la kutembea ni hilo, wala si malengelenge. Basi mtu aliyetembea kilomita 300 akarudi nyumbani akiwa hodari wa kuhesabu hatua za wenzake, na mzito wa kufungua mlango wake, huyo amepata mazoezi ya viungo. Hija bado inamsubiri.

Mtasema pia, “Tukiwaita wote, tutawashusha waliovumilia hadi mwisho.” Wanashushwaje? Miguu yao ilifika, na furaha yao waliipata pale pale. Wakumbukeni wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa asubuhi, wakanung’unika kwa kuwa wa saa kumi na moja walilipwa dinari ile ile. Mwenye shamba hakuwapunguzia hata senti moja. Kilichowauma ni macho yao juu ya mkono wa jirani. Nimewauliza wale 14, mmoja mmoja. Wengi wameniambia hawataki skafu ambayo mama yule hana. Wachache wanaitaka, nami nawaelewa, maana nami nilitembea na nafsi yangu inapenda sifa.

Nije sasa kwenye barua ya pili, ile ya ukumbi. Wengine watashangaa kwa nini naichanganya na ya kwanza. Zinafanana kwa sababu zote mbili zinaona miguu ya mtu na kusahau mlango. Ya kwanza inasema hija ni ya aliyefika tu. Ya pili inasema wanaopita hapa kwetu ni mzigo, hatuna sehemu katika safari yao. Lakini tazameni Injili ya Emau. Wanafunzi wawili walitembea na Bwana njia nzima, yapata kilomita 11, mioyo ikiwawaka, na hawakumtambua. Walimtambua walipofika kijijini, jua limekuchwa, wakamsihi aingie, akaketi mezani akaumega mkate. Fikirini kama nyumba ile ingekuwa na vigae vipya! Wangemwelekeza kilomita 4 mbele, naye, kama Luka anavyosimulia, alikuwa tayari kuendelea na safari.

Niwaambie jambo jingine juu ya yule mwalimu wa Masaka. Baada ya chakula nilimwuliza Kiswahili chake alijifunzia wapi. Akasema, “Kwa askari wenu.” Wazee wa hapa wanajua anachomaanisha, lakini vijana hawajui. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua, yakapora, yakavunja daraja la Kyaka. Hayo tunayasimulia kila mwaka. Tusiyoyasimulia ni kwamba mwezi Februari 1979 majeshi yetu yalipoingia Masaka, mji ule ulibomolewa kwa sehemu kubwa, na ulibomolewa kwa kisasi cha Kagera. Mwalimu alikuwa kijana wakati huo. Alirudi kwao akakuta kizingiti kimesimama peke yake, bila ukuta na bila paa. Alinisimulia hayo akikatakata muwa, bila uchungu katika sauti. Sikujua la kusema. Nikamwuliza kama alisita alipotusikia tunatoka Kagera. Akasema, “Nilisita kidogo, Fada. Kisha nikawaona miguu.”

Mtu aliyebomolewa nyumba na watu wa nchi yetu alitufungulia nyumba aliyoijenga upya. Sisi tunajadili vigae.

Tena tukumbuke imani yetu ilifikaje hapa. Januari 1892 palikuwa na vita Mengo, na Wakatoliki wa Buganda, pamoja na Askofu Hirth wa Mapadre Weupe, walilazimika kukimbia. Walikuja upande wetu huu wa kusini wakiwa watu waliochoka. Mwaka ule ule misheni ya Kashozi ikaanzishwa, na kutoka Kashozi Ekaristi ikaenea katika vilima vyote hivi. Jimbo lililompa Afrika kardinali wake wa kwanza wa nyakati zetu, Laurean Rugambwa, mwaka 1960, lilianza kwa wageni kupokewa. Kama babu zetu wangeandika kwamba ardhi yao si gesti, leo nisingekuwa nawaandikia tafakari hii, wala nyinyi msingeisoma.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni ndiye apone. Walijua ni nani mgonjwa.

Sipuuzi sababu zilizotajwa. Ukumbi uliotumiwa na watu 40 wenye matope unachafuka. Vyoo vyetu kweli havitoshi. Sahani mbili zilipotea, nami nilizinunua. Wapo wanaojiita mahujaji wakawa na nia nyingine, tusijifanye malaika. Lakini haya ni mambo ya ndoo, ufagio, kitabu cha wageni na mlinzi. Tatizo la ndoo halitatuliwi kwa kufunga mlango. Na anayenikumbusha kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, nami namkumbusha kwamba hawa wanakaa usiku mmoja. Jembe wanalo tayari, ni ile barabara.

Sasa niseme ninachoomba.

Kwanza, katika Misa ya shukrani waitwe mbele watu wote 17, kwa majina, bila kutenganishwa, na binti yule na mama wapite pamoja kama walivyokaa pamoja. Kama skafu ni 14 tu, basi asivae mtu. Nami sitavaa yangu. Nimeomba ishonwe moja ya ziada. Hiyo nitaipeleka Masaka mwenyewe, kwa mkono wangu.

Pili, mwakani, kuanzia katikati ya Mei hadi sikukuu, ukumbi uwe wazi kwa mahujaji wa miguu. Jumuiya zipeane zamu ya usafi, na zamu ya kwanza iwe ya nyumba ya mapadre. Kabla ya Mei tuchimbe vyoo viwili zaidi. WAWATA wameniambia tayari wanayo mabeseni.

Tatu, yeyote atakayetaka kutembea mwakani apimwe kwanza kisukari, shinikizo la damu na nyayo zake katika zahanati. Kila jioni miguu yote ikaguliwe, ya padre ikiwa ya kwanza. Na siku ya kuwaaga, nitasema kwa sauti ile ile niliyoitumia kukosea: atakayesimama njiani kwa sababu mwili umekataa, au kwa sababu mwenzake amekataliwa na mwili, huyo yumo katika hija.

Ningeweza kuyaamuru haya matatu. Paroko anayo mamlaka hayo. Sitaki. Ukumbi unaofunguliwa kwa amri ya padre hufunguliwa nusu, na mgeni huijua nusu hiyo mara tu anapovuka kizingiti. Kwa hiyo nawaalika kamati ya hija na halmashauri ya walei tukutane Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, ndani ya ukumbi huo huo, tuketi juu ya vigae hivyo hivyo, tuzungumze. Anayepinga aje apinge mbele yangu, nitamsikiliza.

Mama yetu anaendelea vizuri. Kidonda kimefunga, na madaktari wamemwambia mguu utabaki. Juzi nilimtembelea nikamkuta ameketi uani, mguu juu ya kigoda, akichambua maharage. Aliniuliza kama ni kweli hatakuwamo katika orodha. Sikuwa na jibu la kumpa, maana jibu liko kwenu. Nilimwambia tu kwamba Jumamosi tutaongea.

Kutangulia si kufika, ndugu zangu. Mbele ya lango lile la mwisho sote tutasimama na miguu michafu, tukibisha hodi, na hakuna atakayeulizwa alikuja na basi gani. Tutaulizwa juu ya wageni.

Mungu awabariki, na Mashahidi wa Uganda, wote 22, watuombee.

Ni mimi mtumishi wenu,
Paroko